Sisimizi wa Siku ya Thelathini na Nane

Mama mkwe wangu, Hosiyat, alikuwa akiwasifia majirani mkojo wa mwanangu. Sitanii. Kwetu, mji wa Isfara, mtoto mchanga hulazwa ndani ya gahvora, kitanda kidogo cha mbao cha kubembea. Hufungwa mikono na miguu kwa vitambaa vipana, kisha kati ya mapaja huwekwa kijibomba cha mti kinachopeleka mkojo kwenye chungu kilichopo chini. Mtoto analala mkavu, na mama halazimiki kufua nepi. Zarnisor, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa akikijaza chungu kile mara tano kwa siku. Mama mkwe alikwenda kukimwaga nyuma ya ukuta, akarudi ametabasamu. Mjukuu wake ana figo za farasi, alisema.

Mimi chungu sikukigusa. Nilikuwa ndani ya arobaini, na mzazi aliye ndani ya arobaini hafanyi kazi, havuki kizingiti, na mtoto wake haonwi na mtu wa nje. Nina diploma ya teknolojia ya vyakula. Kazi yangu iko maabara, katika kiwanda cha kusindika aprikoti, ninakopima sukari ya jamu. Lakini arobaini sikubishana nayo. Mama yangu aliikaa, bibi yangu aliikaa, na kusema kweli kulala mchana kulinipendeza.

Kilichonisumbua ni uzito. Zarnisor alizaliwa na kilo mbili na gramu mia nne. Siku ya thelathini nilimpima kwa mizani ya jikoni, akawa ameongeza gramu mia mbili tu, ilhali alikuwa akininyonya mpaka nahisi kizunguzungu. Nilimwambia mama mkwe kwamba maziwa yanaingia mtoto haongezeki, ni kama kumwagilia mchanga. Akanijibu kwamba baba yake naye alikuwa mwembamba hivyo hivyo, na leo anabeba mifuko ya saruji huko Urusi.

Siku ya thelathini na nane mama mkwe alikwenda msibani mtaa wa tatu, na chungu kikajaa kabla hajarudi. Nikainama kukitoa mwenyewe. Mstari wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukakata zulia, ukapanda chungu hadi mdomoni. Chini kulikuwa na duara la majivu ambalo sisimizi walikuwa wamelikatiza kwa kujenga njia ya miili yao wenyewe. Majivu yale nilidhani ni ya kuzuia harufu.

Sisimizi nawajua. Kiwandani tunapambana nao mwaka mzima. Hawaendi kwenye chumvi wala kwenye siki. Wakijipanga mstari namna ile, kuna sukari.

Baba mkwe wangu, Abdurauf, ana kisukari kwa miaka tisa, na kipimo chake hukaa kando ya birika la chai. Nilikichukua, nikamchoma Zarnisor kisigino, nikagusisha tone la damu. Kipimo hakikutoa namba. Kilitoa ile alama ya kuonya kwamba sukari imepita kiwango kinachoweza kusomwa. Baba mkwe akaniambia mashine ile imezoea damu ya mzee, nijaribu tena kwa kijiti kipya. Nikajaribu, alama ikarudi ile ile. Alikwenda kuwasha gari lake, naye huyo ni mtu ambaye hata kwa harusi ya mwanawe aliliwasha baada ya kusihiwa mara tatu.

Mama mkwe alitukuta langoni. Aliniona mimi kwanza, kisha mtoto kifuani, kisha kizingiti nyuma yangu.

"Siku mbili tu, mkamwana," alisema. "Zimebaki mbili."

"Mama, huyu hana siku mbili."

Alishika nguzo ya lango, na mimi nikapita chini ya mkono wake. Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Wa kwetu tulimshika siku ya thelathini na nane.

Hospitali ya wilaya daktari wa watoto ni Salomat Yodgorovna, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia vitunguu. Alinusa pumzi ya mtoto, ambayo ilikuwa na harufu ya tunda lililooza, akaanza kuwafokea wauguzi kabla mimi sijakaa. Damu ilikuwa imejaa asidi. Maji ya mshipani, insulini ya kidogo kidogo, siku nne bila kunyonya. Siku ya tano alifumbua macho akalia, na Salomat akaniambia nimemleta akiwa amebakiza saa chache.

Kisha akaniambia jambo la pili. Mtoto anayepata kisukari kabla ya kufikisha miezi sita hana kisukari cha baba mkwe wangu, wala kile cha watoto wa shule. Karibu kila mara ni jeni moja iliyokosewa, na inafaa kujua ni ipi. Alidondosha damu ya Zarnisor na yangu kwenye kadi nene, ili zipelekwe kwenye maabara moja ya ng'ambo inayowapima watoto kama hawa bure. Kadi ya kwanza ilipotelea njiani. Tukapeleka ya pili.

Aprikoti zikaiva, zikaanikwa, zikaisha. Nilikuwa nikimchoma mtoto kisigino mara sita kwa siku, na kumdunga insulini ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Sukari ilipanda na kushuka, lakini haikutupeleka tena wodini. Kwa hiyo watu walidhani mambo yamekwisha.

Mimi nilikuwa naangalia kichwa. Miezi minne imetimia, nikimshika mikono nikimwinua, kichwa kinabaki nyuma. Nikimlaza kifudifudi, uso unazama kwenye godoro na haufanyi juhudi ya kutoka. Nilipitisha kijiko cheupe mbele ya macho yake, na macho yakabaki palipokuwa na kijiko. Mtoto wa jirani aliyezaliwa baada yake kwa wiki tatu alikuwa akicheka na kuvuta ndevu za babu yake.

Kwenye tanuri la mtaa, ambako wanawake huoka mikate kwa zamu, sababu ilijulikana. Mkamwana wa Hosiyat amevunja arobaini, mtoto ameingiwa na kitu. Mmoja aliniambia usoni, huku akipiga mkate kwenye ukuta wa tanuri, kwamba wasomi hupata wanachokitafuta. Nilimjibu mkate wake unaungua, na ulikuwa unaungua. Mama mkwe alikuwepo. Alinywa chai yake, akatazama chini, hakunitetea. Ukimya ule nikauweka moyoni kama hukumu.

Majibu yalifika Septemba. Salomat aliniita, akafunga mlango, akanichorea kwenye nyuma ya bahasha. Alichora duara, akaweka mlango. Kwenye kongosho, alisema, sukari ikija mlango huu unatakiwa ujifunge, ndipo insulini itoke. Wa Zarnisor haujifungi. Insulini anayo, imejaa ndani, haina ruhusa ya kutoka. Halafu akachora duara la pili, kubwa zaidi, akaliwekea milango ile ile.

"Hiki ni kichwa," akasema. "Milango ni hii hii. Nayo iko wazi."

Nikamuuliza sindano zinafanya nini huko.

"Hazifanyi kitu. Insulini inashusha sukari ya damu, basi. Kuna kidonge kinachofunga mlango. Glibenklamidi."

"Hicho anakimeza baba mkwe wangu."

"Ndicho."

Nilicheka, na kicheko hakikunifurahisha. Kwa miezi mitatu na nusu dawa ya mwanangu ilikuwa kando ya birika la chai. Kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu kile kijiko cheupe: je, kichwa kitapona?

"Sitakudanganya. Sijui atafika wapi," Salomat alisema. "Ila ubongo wa mtoto unajengwa sasa hivi, kila siku, na unajengwa milango ikiwa wazi. Walioanza dawa wakiwa wachanga wamefanya vizuri kuliko walioanza wakiwa wakubwa. Hilo najua. Mwezi ukipita, huurudishi."

Kwangu ilitosha. Tatizo likawa mkuu wa wodi.

Kuhama kutoka sindano kwenda kidonge hakufanyiki nyumbani. Sukari hupimwa kila baada ya saa chache, insulini hupunguzwa kadiri kidonge kinavyopandishwa, na ukikosea mtoto anaweza kuzimika. Inahitaji kitanda cha wodi, na vitanda vilikuwa vya Nuriddin Aslamovich. Si mtu mbaya. Alisoma barua ya ng'ambo mara mbili mbele yangu, akavua miwani. Barua inasema tuanze na kidogo, tupandishe hadi miligramu tano kwa siku, alisema. Mzee wa kilo tisini anameza tano. Huyu ana kilo tano. Sukari ikianguka akafia hapa, ukoo wako utakuja kuvunja madirisha yangu, na katika karatasi zangu hakuna mahali palipoandikwa kwamba dawa hii ni ya watoto wachanga. Mtoto yu hai, sukari imetulia. Tungoje afikishe mwaka, awe na mwili.

Nikamwambia mwili anao, ni ubongo ninaoutafuta. Akasema nirudi na wazee wa nyumba, awasikie wenyewe.

Nilimpigia simu mume wangu, Ilhom. Akanisikiliza, kelele za ujenzi zikivuma nyuma yake, akasema yuko tayari kusaini chochote, ila niongee na mama. Nikamwambia mama wa mtoto ni mimi. Akasema anajua, ndiyo maana anaogopa kwa ajili yangu. Wakikataa wazee na jambo likaharibika, nitakuwa peke yangu.

Mama mkwe sikumwomba. Niliamua kwenda na baba mkwe, maana yeye angalau dawa ile anaijua tumboni mwake. Asubuhi tulipokuwa tunaingia garini, mama mkwe akatoka na shali yake ya kwendea misibani, akafungua mlango wa nyuma, akakaa. Mapajani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyemuuliza. Baba mkwe alinong'ona kwamba kama ni pilau ya kumhonga daktari, basi na iwe ya moto.

Ofisini Nuriddin Aslamovich alirudia maneno yake kwa adabu, akiwaelekea wazee, si mimi. Alieleza hatari. Alisema kungoja hakuna ubaya. Baba mkwe akakuna kidevu. Nikaona anaanza kutikisa kichwa kukubali, kwa sababu amezoea kuwakubalia madaktari, nami nikafungua mdomo. Mama mkwe akanishika goti.

"Mimi nimeshangoja," alisema.

Daktari akamtazama.

"Sisimizi niliwaona siku ya ishirini na sita. Nawajua mimi. Mume wangu huyu alipougua, wao ndio waliotangulia kuja chooni, kabla ya daktari yeyote. Niliwajua, nikawamwagia majivu. Nikajiambia arobaini ikiisha nitasema. Siku kumi na mbili nilikuwa nafagia sisimizi. Na mtaa mzima unamsema mkamwana wangu kwamba amevunja arobaini, na mimi nimekaa hapo nakunywa chai."

Baba mkwe alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mtoto akizidiwa, sema ni mimi niliyetaka," akaendelea. "Madirisha yako hayataguswa. Lakini usimwambie tena mtu wa nyumba yangu angoje."

Niseme ukweli, nilitamani kumpiga. Siku kumi na mbili. Nikaikalia mikono yangu. Lakini hasira ingesubiri, na mlango wa ofisi ulikuwa umefunguka kidogo tu. Nikasema, "Daktari, wazee umewasikia. Tunaanza lini?"

Nuriddin Aslamovich alivaa miwani. "Jumatatu," akasema. "Na msitoke humu mpaka niseme mimi."

Kile kitu kwenye kitambaa kilikuwa chungu.

Jumatatu tulianza na nusu miligramu, asubuhi na jioni. Kidonge husagwa, huchanganywa na maji, huvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, humiminwa shavuni. Muuguzi alikuwa akikikoroga mara moja na kukiacha. Nikamwambia unga unazama chini, hivyo tone la kwanza ni maji matupu na la mwisho ni dawa yote, maana jamu ya vipande inatufanyia hivyo hivyo. Akaniuliza kama mimi ni mfamasia. Nikamwambia ni fundi jamu, akoroge. Alikoroga, na tangu siku hiyo aliniita Fundi Jamu mbele ya wodi nzima.

Mama mkwe alichukua msumari, akamimina maji kikombe baada ya kikombe ndani ya chungu, akachora mstari kwa kila kikombe. Aliweka gahvora ya kuazima kando ya dirisha na kukaa chini pembeni yake kama mlinzi wa benki. Kila chungu alikisoma na kuniambia, nami nikaandika kwenye daftari kando ya namba za sukari. Siku ya kwanza, vyungu vitano na vikombe viwili. Siku ya nne, vitatu na nusu.

Mchana wa siku ya tano, akiwa amelala, nilimbusu mwanangu kichwani nikaonja jasho baridi. Midomo ilikuwa imepauka. Kipimo kilisoma chini sana. Nilimpa maji ya sukari kwa bomba huku mama mkwe akimsugua miguu, na kwa dakika kama kumi hakuna aliyepumua vizuri. Rangi iliporudi, Nuriddin Aslamovich alikuwa amesimama mlangoni. Nikajua atasema tusimamishe.

Alichukua daftari langu, akalisoma kutoka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka vyungu.

"Kidonge kinafanya kazi," akasema taratibu. "Insulini yake mwenyewe inatoka, na sisi bado tunamdunga nyingine juu yake. Kosa ni sindano. Toeni sindano."

Siku ya nane Zarnisor hakudungwa kabisa. Sijamdunga tena hadi leo.

Wiki ile ndipo nilipomuuliza mama mkwe. Tulikuwa tunakunja vitambaa. Nikamwambia sitamzungushia maneno, nataka kujua kwa nini. Alinyoosha kitambaa mara mbili kabla ya kujibu. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alimtoa nje siku ya ishirini, kumpeleka kwa mama yake, kwa kuwa alikuwa amekumbuka nyumbani. Msichana alikufa kwa homa wiki ile ile. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba homa haisomi kalenda.

"Nikikuambia utoke, nitakuwa nimeua wa pili," alisema. "Ndivyo nilivyofikiri."

"Na sasa?"

"Sasa nashika chungu."

Sikumwambia nimemsamehe. Nilimpa upande wa pili wa kitambaa akaushika, tukamaliza kukunja.

Tuliporudi nyumbani alifanya mambo mawili. La kwanza, alikwenda kwenye tanuri la mtaa siku ambayo si zamu yetu, akawaambia wanawake wote habari ya majivu, yeye mwenyewe, bila kuketi. La pili, alikiweka chungu, kikiwa na mkojo wa asubuhi, kwenye ufa ule ule wa ukuta. Akavuta kigoda akakaa kulinda mpaka adhana ya adhuhuri. Sisimizi walipita wakielekea kwenye kikombe cha chai cha baba mkwe. Kwenye chungu hakuja hata mmoja.

Mimi nilikuwa na lindo langu, kile kijiko cheupe. Kila asubuhi nilikipitisha mbele ya Zarnisor na kuandika. Siku kumi na tisa niliandika neno hilo hilo, hapana. Siku ya ishirini macho yalikifuata hadi katikati, yakakiacha. Sikumwambia mtu, niliogopa ni bahati. Siku ya ishirini na moja yalikifuata hadi mwisho, yakakaa pale, yakingoja kirudi. Nikakirudisha. Nilikirudisha mpaka mkono ukauma. Mwezi wa pili wa dawa, akiwa kifudifudi, aliinua kichwa kutoka kwenye zulia, kikiyumba kama cha mlevi, akatazama ukuta wenye ufa kwa hasira kubwa, kisha akaanguka puani. Alilia, nasi tukalia kumzidi.

Kuanzia hapo sikumfunga tena mchana. Gahvora ni ya usiku. Mchana ni zulia, na kazi. Salomat alinionyesha namna ya kumlaza juu ya mto uliokunjwa, namna ya kumgeuza ili mkono wenyewe ujitafutie njia. Tunafanya mara sita kwa siku, zile nyakati sita nilizokuwa namchoma kisigino.

Sasa ni Machi, aprikoti zimechanua na Zarnisor anakaribia miezi kumi na moja. Salomat alimpima wiki iliyopita kwa vichezeo na kengele zake. Anakaa akishikiliwa kidogo kiunoni. Anahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Anasema "ba", na baba mkwe anadai ni jina lake. Alikuwa nyuma kwa kila kitu, leo yuko nyuma kwa miezi mitatu. Salomat alisema pengine haitafutika yote, na kwamba shuleni huenda akahitaji msaada. Nikamshukuru kwa kuniambia. Kisha nikamuuliza zoezi la mwezi huu ni lipi.

Saa moja asubuhi vidonge viwili hukaa kando ya birika, kimoja kizima, kimoja ndani ya kinu kidogo. Cha Zarnisor tunakigawa, nusu asubuhi na nusu jioni. Baba mkwe hulalamika kila siku bila kukosa.

"Mimi nina kilo tisini, huyu ana nane, na dawa ni sawasawa," anasema. "Nani mzee humu ndani?"

Jana aliposema hivyo, Zarnisor aligeuza kichwa, akamtafuta alipo, akampata, akamnyooshea mkono kwenye ndevu. Babu aliinama kwa makusudi. Mama mkwe akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Mimi nilikuwa nakoroga. Unga unazama upesi.